Masafa yaliyo kimya Sio Port: je, kweli ni matupu?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana hapa Sio Port, Kaunti ya Busia. Tunataka kuanzisha redio ya FM ya jamii, hasa kwa ajili ya wavuvi: hali ya hewa ziwani, bei ya omena, matangazo ya mtu aliyepotea. Kijana wetu fundi amezungusha redio kutoka 87.5 hadi 108 na kuandika kila sehemu iliyo kimya, na zimejaa ukurasa mzima. Lakini tulipouliza tukaambiwa masafa yamekwisha. Yamekwishaje ilhali tunayasikia matupu? Mbona kampuni moja inashika hapa kwa stesheni tatu nne? Nimesoma pia kwamba Marekani vituo viwili vya masafa mamoja huachana kilomita 115. Kwetu sheria inataka kilomita ngapi? Na la mwisho: jioni stesheni ya Kisumu tunayoipenda hufunikwa na ya Uganda. Tufanye nini?

JIBU: Dada katibu, nianze na jambo ambalo likieleweka, maswali yako mengine yatafunguka yenyewe. Redio ya mkononi haiwezi kukuambia kama masafa ni matupu. Inakuambia tu kama pale uliposimama, saa ile, kuna kituo chenye nguvu za kutosha kusikika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake inapimika.

Wapangaji wa masafa hutumia vipimo vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano. Kwa matangazo ya stirio (sauti ya pande mbili) mashambani, mahali huhesabiwa kuwa pamefikiwa ikiwa mawimbi yana nguvu ya desibeli 54 (kipimo cha kulinganisha nguvu, ambapo kila desibeli 10 ni mara kumi) juu ya mikrovolti moja kwa mita, yaani karibu nusu milivolti kwa mita, antena ikiwa mita 10 juu ya ardhi. Mjini panahitaji 66, na katika jiji kubwa 74, kwa sababu ya majumba na kelele za vifaa vya umeme. Sasa mfikirie msikilizaji aliye ukingoni mwa eneo la kituo fulani, anayepokea hizo 54. Ili asisikie mkwaruzo kutoka kituo kingine cha masafa yale yale, mawimbi ya yule mgeni lazima yawe chini kwa desibeli 45 kama yanafika wakati wote, au 37 kama hufika mara chache kutokana na hali ya hewa. Desibeli 45 ni tofauti ya nguvu ya zaidi ya mara elfu thelathini. Hata tukichukua ile ndogo, toa 37 kwenye 54, unabaki na 17, ambazo ni mikrovolti saba kwa mita.

Kwa mikrovolti saba redio ya mfukoni haitakupa hata salamu. Itavuma tu kama masafa matupu. Lakini mawimbi hayo hayo yakizidi kidogo, mtu wa ukingoni anaanza kusikia kituo chake kikikwaruza. Kwa hiyo kila kituo kina maeneo mawili: lile dogo kinakosikika, na lile kubwa sana kinakoweza kuharibu. Kijana wenu amepima la kwanza, tena kwa bidii ninayoiheshimu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inapokataa ombi huwa inaangalia la pili.

Hesabu hiyo inakwenda pande zote mbili. Sio Port iko takriban kilomita 90 kutoka Kisumu kwa mstari ulionyooka, na karibu vivyo hivyo kutoka Jinja upande wa pili. Kituo cha kilowati 10 kikionana nanyi bila kizuizi chochote, kwa kilomita 90 kingeleta desibeli 78. Vilima na mviringo wa dunia hupunguza sana nguvu hizo, na huenda kituo chenyewe msikisikie. Lakini kutoka 78 hadi 17 ni mteremko mrefu, na mara nyingi mawimbi hayafiki chini kiasi hicho. Mkiwasha mtambo wenu kwenye masafa hayo, mtasikika vizuri sokoni na ufukweni, halafu kilomita chache mbele matangazo yenu yataanza kuliwa na kituo ambacho hamkuwahi kukisikia. Na ninyi nanyi mtakuwa mnamharibia msikilizaji wa Ugenya au wa Siaya ambaye hamumjui.

Kuna kimya cha namna nyingine pia. Baadhi ya masafa yamekwisha kugawiwa mtu ambaye hajajenga mtambo. Mengine yameandikwa upande wa Uganda, na kwa kuwa mpaka uko hapo mlangoni kwenu, Kenya haiwezi kuyagawa bila kuafikiana na jirani. Nchi hizi ziko chini ya mpango uliofikiwa Geneva mwaka 1984, ambao ndio ulioweka orodha ya vituo vya FM kati ya megahezi 87.5 na 108 kwa Afrika na Ulaya, kila kimoja na mahali pake, nguvu yake, kimo cha antena na mwelekeo. Anayetaka kuongeza kituo karibu na mpaka hupitisha ombi kwa majirani kwanza. Halafu kuna kimya cha makusudi, ile nafasi inayoachwa kati ya kituo na kituo ili visikwaruzane. Ukijaza nafasi hiyo, unawaharibia wa kushoto na wa kulia kwa pamoja.

Sasa kilomita. Hizo 115 ulizosoma ni za kweli, ila ni safu moja tu ya jedwali refu la Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Zinahusu vituo viwili vya daraja A, vyenye nguvu isiyozidi kilowati 6 na antena iliyo mita 100 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka. Kwa daraja C, lenye kilowati 100 na antena ya mita 600, jedwali lile lile linataka kilomita 290. Na si masafa mamoja tu yanayopimwa: vituo viwili vya daraja A vinavyopishana kwa kilohezi 200 huachana kilomita 72, na vinavyopishana kwa 400 au 600 huachana kilomita 31. Kuna hata kilomita 10 kwa vituo vinavyotofautiana kwa megahezi 10.6 au 10.8, jambo linalowashangaza wengi. Sababu ni kwamba karibu kila redio ya FM, ikishapokea mawimbi, huyageuza kuwa megahezi 10.7 ndani yake kabla ya kutoa sauti, na vituo viwili vikubwa vinavyoachana kwa kiasi hicho vinaweza kuchanganyikana mle ndani.

Wamarekani waliamua kutumia jedwali kwa sababu ni rahisi kusimamia. Mpango wa Geneva unaofuatwa huku kwetu haumalizii kwa jedwali la kilomita. Unauliza swali lingine: pale kwenye wasikilizaji wa kituo kilichopo, mawimbi ya kituo kipya yatafika na nguvu gani? Jibu linategemea kilowati, kimo, mwelekeo wa antena, vilima vilivyo katikati, na kama njia inapita nchi kavu au juu ya maji. Ndiyo maana siwezi kukupa idadi moja ya kilomita ya kisheria, na anayekupa idadi moja kwa Sio Port, kwa Nakuru na kwa Kisii, hajatazama ramani. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, ina Menengai upande mmoja na Mau upande mwingine, kwa hiyo milima huizuilia mawimbi mengi ya mbali, na pia huzuia ya kwake yasitoke. Kisumu ina ukuta wa Nandi mashariki na vilima vya Riat kaskazini, lakini magharibi iko wazi kuelekea ghuba. Ninyi mko wazi kabisa upande wa ziwa.

Kimo kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Upeo wa mawimbi ya FM hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita na kukizidisha kwa 4.1. Antena iliyo mita 300 juu ya bonde inaona kama kilomita 71. Iliyo kwenye mlingoti wa mita 30 kwenye tambarare inaona kama 22. Kuongeza nguvu kutoka kilowati 1 hadi 10 kunakuletea desibeli 10 tu, na gharama ya umeme inapanda mara kumi. Kwa hiyo kila mwenye redio anataka kilele. Nami nitawaambia ninyi msikitake, lakini nitafika huko.

Kuhusu masafa yanayopakana, sikiliza jambo hili kwa makini kwa sababu ndipo vituo vidogo vingi hukosea. Nairobi utakuta 93.3, 93.6 na 93.9, zote zinafanya kazi, na kati ya moja na nyingine kuna kilohezi 300 tu. Watu husema basi hata sisi tuchukue yoyote iliyo hatua tatu za kilohezi 100 kutoka kwa jirani. Vipimo vya ITU vinasema hivi: kwa kilohezi 200, kituo unachokisikiliza lazima kiwe na nguvu zaidi ya jirani kwa desibeli 7, yaani mara tano. Kwa 300, jirani anaruhusiwa kukuzidi kwa desibeli 7. Kwa 400, anaruhusiwa kukuzidi kwa 20, mara mia moja. Mitambo yote ikiwa juu ya kilima kimoja, nguvu zikiwa zinakaribiana, tofauti kati yao inabaki karibu ile ile kila mahali mjini, na kilohezi 300 zinatosha. Mambo huharibika pale mmoja anaposimamisha mlingoti katikati ya makazi, mbali na wenzake. Nyumba zilizo chini ya mlingoti huo hupokea mawimbi yake yakiwa na nguvu mara elfu nyingi kuliko yale ya kituo kinachotoka mbali. Hapo hata kilohezi 400 hazitoshi. Mkijenga Sio Port hatua tatu kutoka kwa kituo cha Busia mjini, wa kwanza kulalamika watakuwa majirani wenu wa karibu, wale wale mnaotaka kuwahudumia.

Ndiyo sababu wasimamizi hupendelea mitambo ikae pamoja. Kukaa pamoja nako kuna shida zake. Vituo viwili vya 96.0 na 98.0 vinavyoingiliana kwenye nyaya au kwenye vyuma vyenye kutu vinaweza kuzaa vivuli kwenye 94.0 na 100.0, na mtu akasikia stesheni mbili zikiongea kwa mkupuo mahali ambapo hakuna aliyepewa leseni. Dawa ni vichujio vizuri, yaani vifaa vinavyozuia mawimbi yasiyotakiwa, na vichujio vizuri ni ghali, kwa hiyo ndivyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Hilo hunikera. Juu tu ya 108 huanza masafa ya ndege: hadi 118 ni vifaa vya kuongoza njia, na kutoka hapo hadi 137 ni sauti ya rubani na mnara. Mtambo mbovu ulio karibu na njia ya ndege zinazotua Kisumu unaweza kumtupia rubani kelele masikioni. Mtu akiniambia vichujio ni anasa, namkumbusha abiria.

Sasa umiliki, ambao najua ndio uliokuchoma. Masafa si mali ya kampuni. Leseni ni ruhusa yenye masharti: mahali hapa, nguvu hii, kimo hiki, kwa muda huu, na huwezi kuihamisha kwa mwingine bila idhini ya Mamlaka. Sheria yetu inatambua aina tatu za watangazaji: wa umma, ambaye ni KBC, shirika la utangazaji la taifa, wa binafsi, na wa jamii, asiyetafuta faida. Kampuni moja kuwa na stesheni kadhaa ni jambo la kawaida nchini. Royal Media Services, kwa mfano, ina Citizen kwa Kiswahili, Ramogi kwa Kijaluo na Mulembe kwa Kiluhya, na KBC nayo ina idhaa zake za lugha mbalimbali, Mayienga ikiwa mojawapo upande huu wa ziwa. Marekani sheria ya mwaka 1996 iliweka idadi: katika soko lenye vituo 45 au zaidi, mmiliki mmoja asizidi vinane, na kati ya hivyo visivyozidi vitano viwe vya FM; katika soko dogo lenye vituo 14 au pungufu, asizidi vitano, vitatu vya aina moja, na kwa vyovyote si zaidi ya nusu ya vyote.

Lakini kinachojaza anga la magharibi si idadi ya majina ya stesheni. Ni idadi ya vilima. Stesheni moja ikitaka kusikika Kisumu, Kakamega, Busia, Kisii na Eldoret haiwezi kutumia masafa mamoja kote, kwa sababu mitambo yake yenyewe ingeharibiana pale maeneo yanapokutana. Inahitaji masafa matano. Kampuni yenye stesheni tatu inahitaji 15. Angalia sasa akiba iliyopo. Kutoka 87.5 hadi 108 kuna megahezi 20.5. Ukiweka kituo kila baada ya kilohezi 300, kilima kimoja kinaweza kubeba kama 68. Ukiweka kila baada ya 400, kama 51. Hata hivyo Busia inasikiana na Kakamega, na Siaya, na Tororo, na sehemu za Jinja. Zile 68 zikigawiwa maeneo sita yanayosikiana, kila moja linapata kama kumi na moja. Hesabu hii nimeirahisisha, kwa kuwa milima huruhusu masafa kurudiwa hapa na pale, ila inakuonyesha kwa nini mtu anaweza kukuambia kwa ukweli mtupu kwamba yamekwisha.

Hata hivyo sikubali kwamba jibu hilo liishie hapo. Masafa ya FM katika miji yetu yaligawiwa kwa kasi baada ya Capital FM kufungua mlango wa redio za binafsi mwaka 1996, na waliowahi ndio waliobeba. Wavuvi wa Sio Port hawakuwa kwenye foleni. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inasema utoaji wa leseni za utangazaji lazima uwe ule tu unaohitajika kusimamia mawimbi, na usiwe chini ya mkono wa serikali, wa siasa wala wa biashara. Nayasoma maneno hayo hivi: masafa aliyopewa mtu akayalalia bila kurusha hata neno hayana sababu ya kuendelea kuwa yake huku kijiji kizima kinaomba wati 100. Inafaa yarudishwe, na redio za jamii ziangaliwe kwanza. Tena upande huu una historia ya kujivunia. Homa Bay ilikuwa na redio ya jamii mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, moja ya za mwanzo kabisa Afrika. Serikali iliifunga mwaka 1984. Tulikuwa mbele, tukarudishwa nyuma, na wengi wa rika lenu hawajawahi hata kusikia kwamba ilikuwepo.

Kwa hiyo mfanye nini? Kwanza, msiombe kama kampuni inavyoomba. Kampuni inaomba kilele na kilowati. Ninyi ombeni udogo. Wati 100 kwenye mlingoti wa mita 30, penye tambarare, hufika kama kilomita 10 hadi 20, na hiyo inatosha kufunika fukwe na masoko mnayoyahitaji. Antena ikikaa chini, mawimbi yake hufa karibu, na lile eneo kubwa la uharibifu nililolieleza hunywea. Mkiongeza antena yenye mwelekeo, inayosukuma mawimbi mnakotaka na kuyabania upande wa mpaka, kuna masafa ambayo hayawezi kugawiwa mtu wa kilowati 5 lakini yanaweza kutosha kwenu. Mhandisi mwenye ujuzi ataandika hayo kwenye ombi kwa ramani na hesabu. Ombi la namna hiyo lina uzito kuliko ukurasa mzima wa sehemu zilizo kimya.

Orodha ya kijana wenu isitupwe, inahitaji tu kuboreshwa. Arudie kusikiliza alfajiri, mchana na usiku, katika siku zenye upepo na zilizotulia, kutoka sehemu kadhaa: ufukweni, juu ya kilima chochote kilicho karibu, na upande wa barabara ya Busia. Atumie redio yenye antena ya nje. Asikilizie mbali na matatu, kwa sababu vile vifaa vidogo vya kurushia muziki wa simu kwenye redio ya gari hukalia masafa matupu na vitamdanganya. Taa za LED na chaja duni pia hutoa kelele inayoficha vituo hafifu. Masafa yatakayobaki kimya katika hali zote hizo ndiyo ya kupendekeza.

Pili, mkikataliwa ombeni sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo kwamba yamekwisha si uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu anayeathirika na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi, na lipo baraza la rufaa la mambo ya mawasiliano na vyombo vya habari kwa asiyeridhika. Ulizeni wazi: masafa haya yamegawiwa nani, mahali gani, na je, yanatumika? Mamlaka ina ofisi za kanda Kisumu na Eldoret. Afadhali nauli ya kwenda mara moja mkiwa na barua kuliko simu zisizo na kumbukumbu.

Tatu, na hapa nawasihi, msinunue mtambo kwanza. Najua inavyokuwa: harambee imefanyika, pesa zipo, na mtandaoni kuna mtambo wa bei nafuu unaofika kwa posta. Mtambo wowote wa kurusha matangazo lazima uwe wa aina iliyoidhinishwa na Mamlaka, na kurusha bila leseni huleta faini, kifungo na kupoteza kila kitu mlichochangia. Mitambo mingi ya namna hiyo haina kichujio. Inarusha 98 na pia 196, na ikichoka huanza kutangatanga kando ya masafa yake. Mtawaharibia watu ambao mngependa wawe wasikilizaji wenu.

Wakati ombi likisubiri, mazoezi yaanze. Budalang'i jirani zenu wana historia ya Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa na Idara ya Hali ya Hewa kwa ajili ya watu wanaokumbwa na mafuriko ya Mto Nzoia. Kisiwani Mfangano kuna EK FM, inayotangaza kwa Kisuba. Waendeeni, ombeni nusu saa kwa wiki ya kipindi cha wavuvi, mjifunze kusoma utabiri wa ziwa hewani na kupokea simu. Kikundi kinachofika kuomba leseni kikiwa na vipindi na watangazaji waliozoea ni tofauti sana na kinachofika na wazo.

Limebaki la stesheni ya Kisumu inayofunikwa jioni. Jua likizama na upepo kutulia, hewa ya chini hupoa huku ya juu ikibaki na joto, na tabaka hilo hupinda mawimbi ya FM yakafuata uso wa dunia badala ya kupotelea angani. Juu ya maji hakuna kilima cha kuyakata. Hapo kituo cha Uganda kinachokuwa hafifu mchana hupata nguvu, na redio ya FM ina tabia ya kushika mwenye nguvu zaidi na kumnyamazisha mwingine kabisa, hata tofauti ikiwa desibeli chache tu. Ndiyo maana hamsikii mchanganyiko. Mnasikia Kisumu ikitoweka.

Mpango wa Geneva wenyewe unalijua jambo hili. Hesabu za mwingiliano wa hali ya hewa hufanywa kwa kuruhusu asilimia 1 ya muda, ambayo ni kama saa 88 kwa mwaka. Ikiwa kwenu ni jioni baada ya jioni, imezidi kiasi hicho, na inafaa kulalamikiwa. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na kuisha, masafa, jina la kituo kilichosikika, mahali mlipokuwa, na aina ya redio. Lakini nikuandae kwa jibu moja linalowezekana: kituo hulindwa ndani ya eneo lake lililopangwa tu, na kwa kilomita 90 huenda Sio Port iko nje ya eneo la mtambo wa Kisumu, hata kama mchana mnaupata vizuri. Kwa hiyo chunguzeni pia kama stesheni hiyo ina mtambo mwingine ulio karibu nanyi zaidi, kwa masafa tofauti. Watu wengi huendelea kung'ang'ania namba waliyoizoea ilhali ile ya karibu ipo.

Kwa nyumbani, bahati iko upande wenu kwa jambo moja. Kisumu iko mashariki kusini yenu, Jinja magharibi kaskazini, karibu pande mbili zinazopingana. Wekeni antena ya nje ya FM yenye vijiti kadhaa, ile inayofanana na ya televisheni, juu ya paa, uso wake ukielekea Kisumu na mgongo kwa Uganda. Wapangaji huhesabu kwamba antena ya aina hiyo hupunguza mawimbi ya nyuma kwa desibeli 12, ambayo ni karibu mara kumi na sita, na kwa redio inayoshika mwenye nguvu kiasi hicho mara nyingi hugeuza matokeo. Jaribuni vijiti vikiwa vimelala, kisha vikiwa wima, kwa kuwa vituo havirushi kwa namna moja. Na kama redio yenu ina swichi ya stirio, iwekeni kwenye mono, yaani sauti ya upande mmoja: kinga inayohitajika hushuka kutoka desibeli 45 hadi 36, na taarifa ya habari haihitaji stirio.